Mistari Imejaa, Sauti Haitoki

"Tunakuona, lakini hatukusikii. Hebu rudia."

Rahma akarudia. Alikuwa amekaa chumba cha ghorofa ya kwanza katika nyumba ya wageni ya shangazi yangu, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, mtandio kaubana vizuri, nyuma yake ukuta mtupu alioutafuta makusudi. Simu kaiegemeza kwenye birika la chai. Ulikuwa usaili wa nafasi ya masomo, na upande wa pili walikaa watu watatu wenye uwezo wa kumkubali au kumkatalia. Yeye akiwasikia wazi, neno kwa neno. Wao wakimwona kaganda, mdomo nusu wazi, sauti ikiwafikia vipande vipande.

Juu ya mlango, upande wa ukumbini, kile kiboksi cheupe kinachorusha Wi-Fi, ambacho mafundi hukiita AP, kilikuwa kimewaka taa yake ya kijani, hatua chache tu kutoka alipokaa. Kwenye simu, mistari ya Wi-Fi imejaa yote.

Mwishowe akazima Wi-Fi, akaingia kwenye bando lake mwenyewe, usaili ukaisha hivyo hivyo. Shangazi akasema, "Limeshapita hilo, wanangu, njooni mle." Kwake lilipita.

Mimi lilinikaa kwa wiki kadhaa.

Si kwa sababu Wi-Fi iliganda. Wi-Fi kuganda si habari. Kilichonikera ni kwamba iliganda upande mmoja tu. Inakuwaje mtu amekaa karibu kabisa na AP, anasikia kila kitu, halafu yeye hasikiki?

## Yenye nguvu

Ukilalamikia Wi-Fi hapa Unguja, ushauri ni mmoja: nunua yenye nguvu. Shangazi aliupata ushauri huo dukani Darajani kabla mimi sijamaliza kufikiri, akarudi na ruta nyeusi yenye antena sita, AP yake imo humo humo ndani. Tukaifunga pahala pa kile kiboksi cha zamani. Mistari ikajaa mpaka kwenye ngazi za nyumba ya jirani.

Video ikaendelea kuganda.

Mistari ile, tuwe wakweli, inaeleza jambo moja tu: AP inasikika kwa nguvu kiasi gani pale simu ilipo. Haielezi kama AP nayo inaisikia simu. Wala haielezi ni wangapi wengine wanaozungumza hewani wakati huo huo. Simu ina betri ndogo, na kwa kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu ndogo kuliko AP iliyochomekwa kwenye umeme. Ukipandisha nguvu ya kurusha ya AP peke yake, unayemsaidia ni msikilizaji, si msemaji. Mgeni anafurahi kuona mistari, basi.

Shaka yangu ya kwanza ilikuwa laini yenyewe ya intaneti. Laini nyingi za majumbani zina njia pana ya kushusha na nyembamba ya kupandisha. Hiyo peke yake ingetosha kueleza kwa nini Rahma anasikia na hasikiki. Ningeishia hapo, na pengine ningeandika makala nyingine kabisa, ya kulalamika.

## Hatua chache

Njia ya kuitoa shaka hiyo ni kutokwenda intaneti kabisa. Unaiambia simu iiulize ruta "upo?", ruta ijibu "nipo", kila sekunde, na unaangalia jibu linachukua muda gani kurudi. Mafundi wanaita pingi. Safari yote ni kutoka kitini mpaka juu ya mlango. Hakuna waya wa barabarani, hakuna kampuni, hakuna bahari.

Asubuhi, wageni wametoka, majibu yalirudi kwa milisekunde 2, 3, 2, 4. Raha tupu.

Nikarudi baada ya Isha, nikakaa pale pale alipokaa Rahma, dirisha wazi. 3. 5. 180. 40. 412. Kisha kimya, swali limepotea. 6. 290. Chini ya dirisha, ng'ambo ya kichochoro, mkahawa umejaa vijana. Televisheni inaonyesha mpira unaovutwa kwa intaneti, na kila aliyekaa pale ana simu mkononi. Nikafunga dirisha, ule ubao wa zamani mzito. Nambari zikashuka kidogo, si za kujivunia. Nikatoka nikasimama ukumbini, chini ya AP yenyewe.

2, 3, 3, 2.

Laini haikuwa na hatia. Tatizo lilikuwa baina ya kiti na mlango, na lilikuwa chumbani, ukumbini halipo.

## Kumi na tatu za karatasini

Wi-Fi ya kawaida inatumia kipande cha masafa kinachoanzia megahezi 2400 mpaka 2483.5. Kipande hicho kimegawanywa chaneli, 13 katika nchi nyingi, 11 kule Marekani. Ukisoma hivyo unadhani kuna nafasi ya watu 13. Hakuna. Vituo vya chaneli hizo vimeachana kwa megahezi 5 tu: chaneli 1 iko kwenye 2412, chaneli 2 kwenye 2417, na kuendelea hivyo. Lakini mazungumzo yenyewe ya Wi-Fi yanataka upana wa megahezi 20. Kwa hiyo aliye kwenye chaneli 1 anawakanyaga walio kwenye 2, 3 na 4, na kwa vifaa vya zamani vinavyochukua megahezi 22 anamgusa hata wa 5. Ukivihesabu na hivyo, zinazobaki bila kukanyagana ni 1, 6 na 11. Nafasi tatu, kwa mtaa mzima.

Na kipande hiki hakina mwenyewe. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vifaa vya mawasiliano kutumia masafa haya bila leseni. Yalikuwa masafa ambayo tayari yalikuwa na kelele za mashine, zikiwemo oveni za maikrowevu. Kiwango cha kwanza cha mtandao huu usio na waya kikatoka 1997. Leo amejazana humo kila mtu: Bluetooth, kamera za ulinzi, midoli ya watoto. Ukisumbuliwa huna wa kumshtaki, kwa sababu na wewe ni mpita njia.

Sasa ile ruta ya antena sita. Kiwandani ilipangwa itumie upana wa megahezi 40 kwenye bendi hiyo hiyo, ili iandikwe nambari kubwa ya kasi kwenye boksi. Megahezi 40 kati ya 83.5. Karibu nusu ya hewa ya Kiponda, kwa nyumba moja ya vyumba vichache. Kwenye nyumba iliyo peke yake shambani huenda ikafaa. Kwenye vichochoro vyetu ni ubinafsi ulioandikwa "kasi".

## Barazani

Kuna jambo nililikataa kwa muda mrefu kabla ya kulikubali.

Ukifungua programu ya simu inayochora chaneli, utaona vilima vimerundikana kwenye 1, 6 na 11, na katikati kuna mabonde. Kila akili inakwambia uingie bondeni. Chaneli 3 haina mtu, chaneli 9 haina mtu, ya nini kubanana? Nilipoambiwa na fundi mmoja kwamba ni afadhali kukaa chaneli moja na jirani kuliko kukaa baina ya majirani, niliona anakariri tu.

Lakini fikiria baraza. Watu waliokaa baraza moja husikilizana. Mmoja akizungumza wengine hungoja. Wawili wakianza kwa pamoja, wote hunyamaza kidogo, kisha mmoja huanza. Wakiwa wengi zamu yako inachelewa, lakini ikifika unasikika. Sasa weka redio inayolia nyumba ya pili. Sauti inafika, maneno hayashikiki. Hujui itanyamaza lini, kwa hiyo huingoji. Unazungumza juu yake, na unayemwambia anashika nusu.

Walio chaneli moja ni watu wa baraza moja. Aliye chaneli 3 ni redio, kwa wa 1 na kwa wa 6 pia.

Si maneno ya mfano tu, imo kwenye kiwango chenyewe. Kabla ya kurusha, kifaa cha Wi-Fi husikiliza. Kikitambua mazungumzo ya Wi-Fi ya chaneli yake kinatakiwa kinyamaze hata kama yanafika dhaifu sana, hasi 82 kwa kipimo cha dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi ambacho hasi ikizidi, nguvu imepungua. Lakini nguvu ambayo hakiitambui, kelele tu, hukifanya kingoje ikifika hasi 62. Tofauti hiyo ya desibeli 20 ni mara 100 za nguvu. Jirani unayemwelewa unamheshimu akinong'ona. Jirani usiyemwelewa mpaka apige kelele mara mia.

Bila shaka kubanana nako kuna bei yake. AP hata isipotumiwa na mtu hutangaza jina lake karibu mara kumi kwa sekunde, na nyingi hutangaza kwa mwendo wa polepole kuliko wote, megabiti 1 kwa sekunde, ili hata kifaa cha zamani kielewe. Tangazo la baiti 300 kwa mwendo huo linakula zaidi ya milisekunde 2. Zidisha kwa mara kumi, kisha kwa majina kumi ya mtandao kwenye chaneli moja: robo ya muda wa hewani imekwenda kwa watu kujitambulisha. Na kuna nyumba ina AP moja yenye majina manne, ya wageni, ya ofisi, ya wafanyakazi, na moja hakuna anayeijua. Kila jina linatangazwa peke yake.

## Visiwa vingine

Wazo la kusubiri kwa bahati nasibu, kila mmoja muda wake, lilitoka visiwani. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha mitambo ya visiwa vyao na kompyuta kuu kwa redio. Kila mtambo ulirusha ulipotaka. Usipopata jibu, ulihesabu umegongana na mwingine, ukangoja muda wa kubahatisha, ukarudia. Rahisi mno, na ulifanya kazi, ila kwa hasara. Hesabu inaonyesha mpango huo ukifanya vizuri kuliko vyote unatumia asilimia 18 tu ya muda kwa mazungumzo yenye maana.

Wi-Fi imeboresha kwa kusikiliza kwanza. Lakini kusikiliza kunataka wote wasikiane.

Nilipofika hapo ndipo nilipokumbuka kuta.

## Dhiraa moja ya mawe

Nyumba ya shangazi ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake unene wa dhiraa na zaidi. Ukumbi uko katikati, umezungukwa na kuta hizo pande zote. AP ilifungwa hapo kwa sababu hapo ndipo waya ulipofika.

Na AP huchagua chaneli kwa masikio yake yenyewe.

Ikiwashwa, inasikiliza kila chaneli kidogo, inapima nani yupo na kuna kelele kiasi gani, kisha inachukua iliyo nyepesi. Ukumbini, ndani ya mawe, haikusikia mtu. Ikaona chaneli 6 iko wazi, ikakaa. Mkahawa wa ng'ambo nao ulikuwa chaneli 6, na wenyewe haukuwahi kuisikia AP yetu. Wawili hawa hawakujuana kabisa.

Aliyewasikia wote wawili ni simu ya Rahma, dirishani.

Simu ina adabu ya kiwango: ikisikia chaneli yake ina msemaji, inanyamaza. Mkahawa ulikuwa unazungumza karibu wakati wote. Kila simu ya Rahma ikitaka kupeleka sauti yake, inamkuta msemaji, inangoja, inahesabu, inataka kuanza, msemaji yuko tena. Kwa upande wa pili, AP yetu haikuwa na wa kumngoja. Haikuusikia mkahawa, ikawa inarusha inapotaka, na kwa kuwa iko karibu na ina nguvu, maneno yake yalifika juu ya kelele zote.

Ndiyo maana aliwasikia. Ndiyo maana hawakumsikia.

Na ndiyo maana ruta ya antena sita haikusaidia kitu: ilimpa sauti zaidi yule ambaye tayari alikuwa anasikika. (Majibu ya usaili hayajatoka. Msiniulize, nyumbani naulizwa kutwa.)

Rafiki yangu anakaa kwenye majumba ya Michenzani, na malalamiko yake ni yale yale, Wi-Fi inaganda. Ugonjwa wake ni mwingine. Kule kuta ni nyembamba kuliko za Mji Mkongwe, na fleti zimepangana safu ndefu, kwa hiyo karibu kila ruta inawasikia majirani wengi. Zamu zinafuatwa vizuri. Tatizo ni kwamba wanaosubiri zamu ni wengi mno. Fundi akienda sehemu mbili hizi na dawa moja atapona mmoja, au asipone hata mmoja.

## Umeme ukirudi

Baada ya kuelewa hivyo niliisogeza AP karibu na upande wa kichochoroni, ikaanza kuusikia mkahawa, nikaiwasha upya. Ikahama yenyewe mpaka chaneli 11. Pingi zikatulia. Nikasema basi, mashine ina akili yake, iachwe.

Siku chache baadaye yakarudi yale yale.

Jibu lililonipa shida kuliko yote nililipata juu ya paa, jioni, nikiwa na programu ya chaneli mkononi. Majina yalikuwa mengi, nikishusha kwa kidole hayaishi. Umeme ukakatika. Orodha ikaanza kufifia jina baada ya jina, mpaka yakabaki machache, ya wenye jenereta na wenye betri. Baada ya muda umeme ukarudi, mtaa mzima kwa pamoja.

Ruta zote zikaamka kwa pamoja.

Kila moja, kwa utaratibu wake mzuri, ilisikiliza kabla ya kusema. Na zilipokuwa zinasikiliza, zote zilikuwa kimya. Kila moja ikaona mji mzima uko wazi. Orodha iliporudi, chaneli 1 na 6 zilijaa mpaka vilima havitenganiki, na yetu ilikuwa humo.

Ruta nyingi za bei ya kawaida huchagua chaneli zinapowashwa tu, kisha hukaa hapo mpaka ziwashwe tena. Zile za bei kubwa hurudia kupima, lakini kwa woga, kwa sababu kuhama chaneli kunaweza kuwakata watu walio katikati ya mazungumzo. Aliyebuni utaratibu huo alifikiria mji ambao majirani hununua ruta mmoja mmoja, leo huyu, mwezi ujao yule. Kila anayekuja anawakuta wenzake wamekaa, anatafuta pembe yake. Hakufikiria mji unaozaliwa upya kila umeme ukirudi.

Sisi tuliokuwapo Unguja ilipokaa gizani karibu miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme kukatika kwa saa moja hatuuhesabu hata kuwa ni tukio. Ruta zinauhesabu.

Tokea siku hiyo sikuiachia mashine ichague. Nimeandika chaneli kwa mkono, na upana nimeurudisha megahezi 20. Kwenye mji kama wetu naona ndivyo inavyofaa, hata kama kitabu cha maelekezo kinapendekeza otomatiki.

## "Inong'one?"

Nyumba ina ghorofa tatu, na AP moja haiwezi kuzihudumia zote kwa haki. Tukaongeza ya pili juu, waya tukaupitisha kwenye uwazi wa ngazi, maana ukuta wa chokaa ukiutoboa ovyo unamwagika. Kisha nikapunguza nguvu ya kurusha ya zote mbili.

Shangazi alisimama mlangoni akiniangalia.

"Unafanya nini hapo?"

"Naipunguza nguvu, shangazi."

"Nimetoa pesa zangu kununua ya antena sita, wewe unaiambia inong'one?"

"Ikipiga kelele, simu za wageni hazitaiachia wakipanda juu."

"Na wewe nani kakwambia simu ina mapenzi?"

Swali zuri. Watu wengi hudhani AP ndizo zinazopokezana simu. Sivyo. Simu ndiyo inayoamua lini imwache huyu imfuate yule, na simu nyingi huwa nzito kuamua. Mgeni anaungana ukumbini chini, anapanda ngazi, anapita chini ya AP ya juu kabisa, na simu yake bado imeng'ang'ania ya chini kwa mstari mmoja dhaifu. Kuna nyongeza za kiwango, zinazoitwa kwa herufi k, v na r. K na v zinaiwezesha AP kuipa simu orodha ya majirani na kuishauri ihame, r inafupisha muda wa kuhama. Ushauri unabaki kuwa ushauri. Kinachoisukuma simu khasa ni kusikia ile ya zamani inafifia na mpya inakaribia. Ukizifanya zote zipige kelele, hakuna inayofifia.

Kwa hiyo maeneo ya AP mbili lazima yapandane kidogo, yasipandane sana. Wanaopanga mitandao ya mazungumzo ya sauti hutaka pale ya kwanza inapochoka, ya pili iwe inasikika kwa hasi 67 hivi, kwa kipimo kile kile cha dBm. Sisi pahala hapo ni kwenye kituo cha ngazi, na tulipapata kwa kupanda na kushuka na simu mkononi, mpaka mpishi akauliza kama kuna kitu tumepoteza.

Juu ya hayo tukawasha bendi ya gigahezi 5. Wengi huilaumu kwamba haipiti ukutani. Kwenye nyumba za mawe nauona huo ndio uzuri wake: ya chumba inabaki chumbani, ya jirani inabaki kwa jirani. Chaneli zake ni nyingi, 36, 40, 44, 48 na nyingine za juu. Baadhi yake zinatumiwa pia na rada, na huko AP inalazimika kukaa kimya sekunde 60 ikisikiliza kabla ya kuanza. Ikisikia rada, ihame ndani ya sekunde 10 na isirudi kwa nusu saa. Watu wa Malindi, kule bandarini, wana tabia ya kuzisingizia boti. Rada za meli ziko kwenye gigahezi 3 na 9 hivi, hazihusiki.

## Chaneli 3

Hoteli kubwa za Nungwi haziwezi kunielewa. Kule mwenye nyumba ni mmoja, AP zote ni zake, na mtambo mmoja unazisikiliza zote na kuzigawia chaneli. Kiponda kila nyumba ina mwenyewe, kila mwenyewe ana fundi wake, na hakuna wa kugawa.

Nikavuka kichochoro mpaka mkahawani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kama unataka nywila, nunua kahawa kwanza."

Nilinunua kahawa. Nikamweleza. Alisikiliza kwa subira, ingawa nadhani kilichomshawishi ni nilipomwambia kwamba hata mpira wake unaganda kwa ajili yetu. Ruta yake nayo ilikuwa kwenye otomatiki na megahezi 40. Tukaiandika 6, megahezi 20. Jirani wa upande wa pili, ambaye ana duka la kanga, akakubali 1 bila hata kuuliza maana yake. Sisi 11. Umeme umekatika na kurudi mara nyingi tokea hapo, na kila mmoja amerudi pahala pake.

Dunia ya Wi-Fi mpya, kuanzia kizazi cha 6, imeleta dawa yake: kila AP inabandika alama kwenye mazungumzo yake, nambari kuanzia 1 mpaka 63, ili kifaa kijue haya ni ya jirani, na yakiwa dhaifu vya kutosha kizungumze juu yake badala ya kungoja. Ni wazo zuri. Linataka simu na AP zote ziwe mpya, na mimi nawajua wageni wa shangazi, na naijua simu ya ami.

Lililobaki ni chaneli 3. Kuna ruta moja, jina lake bado ni lile la kiwandani lenye herufi na tarakimu tupu, inasikika kwa nguvu kutoka nyumba ya nyuma, na imeandikwa kwa mkono chaneli 3. Aliyeiandika aliona bonde, akaingia. Analisumbua duka la kanga na anausumbua mkahawa. Mwenye nyumba yuko Maskati. Nimezungumza naye kwa simu, katoa ruhusa kwa moyo mweupe, ila nywila ya kuingilia kwenye mipangilio haikumbuki. Mpangaji wake akanipigia picha kile kibandiko cha chini ya ruta, ambacho huwa na nywila ya kiwandani.

Kaipiga usiku, bila taa, na kidole kimefunika nusu. Nimemwomba aipige tena mchana.